Sarafu Katika Chupa ya Vifungo

Mwalimu Zachariah Kimeli aliingia katika duka la Nyakio Jumamosi moja ya mwaka wa themanini na sita kwa sababu ya kifungo. Koti lake la kijivu lilikuwa limepoteza kifungo cha katikati, na baridi ya Eldoret haimhurumii mtu anayetembea akishikilia koti kwa mkono.

Nyakio alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu. Yeye na mumewe, Ndungu, walitoka Nyandarua wakiwa maharusi wapya, wakanunua duka hilo la ushonaji karibu na soko kutoka kwa Mhindi aliyekuwa akihamia Uingereza. Mhindi aliwaachia cherehani, meza ya kukatia, na chupa kubwa ya peremende iliyojaa vifungo vya kila aina. Ndungu alifariki baadaye kwa ugonjwa wa figo. Nyakio akabaki na duka, na binti yake Njambi aliyekuwa chuo cha ualimu, na nyumba ya kupanga huko Munyaka ambayo ilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja.

"Chagua mwenyewe, Mwalimu," alimwambia, akimwaga vifungo mezani. Alijua ni mwalimu kwa vumbi la chaki kwenye mikono ya koti.

Mwalimu hakuchagua kifungo. Aliokota kitu cha mviringo, cha rangi ya kahawia, chenye tundu la pembe nne katikati. Akaenda nacho hadi mlangoni penye mwanga, akakigeuza, akakipangusa kwa kidole gumba.

"Hii umeitoa wapi, Mama?"

"Hiyo ni kifungo ya Mhindi. Ziko nyingi humo. Nimeshonea wamama wa kanisa kadhaa kwa makoti."

"Hii si kifungo. Hii ni pesa. Pesa ya Wachina, ya zamani sana. Ilitengenezwa miaka kama mia tisa iliyopita."

Nyakio alimtazama jinsi anavyomtazama mteja anayesema atalipa mwisho wa mwezi. "Miaka mia tisa," akasema. "Na mimi juzi nilikuwa nataka kuipiga Brasso ing'ae."

"Usiipige Brasso, tafadhali."

Alisema hivyo kwa hofu ya kweli, kama mtu anayeombea mtoto asichapwe, mpaka Nyakio akacheka. Kisha Mwalimu akaokota nyingine iliyofanana kabisa na ile ya kwanza, akaiangalia kidogo na kuirudisha mezani. "Lakini hii ni kifungo tu," akasema.

"Umejuaje?"

Swali hilo ndilo lililomrudisha Jumamosi iliyofuata.

Mwalimu Kimeli alifundisha historia katika shule moja ya sekondari upande wa Kesses, na tangu ujana wake alipenda sarafu za kale. Alikisia mambo yalivyokuwa. Kwenye familia ya yule Mhindi pengine kulikuwa na babu aliyefanya biashara pwani, ambako sarafu za Kichina zilifika na bidhaa karne nyingi zilizopita. Baadaye Mhindi mwenyewe akaagiza vifungo vya makoti kutoka Hong Kong, vilivyotengenezwa kwa umbo lile lile la sarafu. Sarafu za babu na vifungo vya Hong Kong vikaishia chupa moja. Kazi ilikuwa kuzitenganisha, naye akajitolea kuifanya kama Nyakio angeruhusu.

Nyakio aliruhusu, kwa sharti kwamba amfundishe. Siku hiyo hiyo aliosha vilivyokuwa ndani ya chupa kwa maji ya moto na sabuni ya Omo, akavianika juu ya shuka kuukuu, kisha akatoa vifungo vya kawaida na kuvirudisha rafuni. Zile za tundu la pembe nne akazirudisha chupani. Wakaweka meza karibu na mlango, na mlango wakauacha wazi, watu wasipate la kusema.

"Anza na ukingo," Mwalimu alimwambia. "Hawa Wachina walimimina shaba kwa kalibu ya mchanga. Sarafu zikitoka huko zina makali kando. Kwa hivyo walizitunga nyingi kwa fimbo ya pembe nne, wakazisugua zote pamoja na tupa. Angalia kwa mwanga. Unaona mikwaruzo?"

Nyakio aliona. Ilikuwa midogo kama nyuzi za kitambaa.

Akamfundisha kutu. Kutu ya kijani ya kweli imekula ndani ya shaba na haitoki kwa ukucha, lakini ya kupakwa hubanduka kama rangi ya kucha. Akamfundisha maandishi, kwamba kwenye sarafu ya kweli herufi zimelika pale palipo juu, panapoguswa na vidole vya watu, na kwamba za kuiga huonekana kama zimechongwa kwenye sabuni. Nyakio naye akaleta sumaku yake ya kuokotea pini sakafuni, na papo hapo vifungo kadhaa vya Hong Kong vikairukia, maana ndani vilikuwa chuma kilichopakwa rangi ya shaba.

"Hiyo ni rahisi," Mwalimu akasema, akitabasamu. "Wagumu ni wale wanaotaka kudanganya. Mtu kama huyo huchukua sarafu ya kweli, anaikandamiza kwa udongo apate umbo, halafu anamimina shaba. Lakini shaba ikipoa husinyaa. Kwa hivyo mtoto hutoka mdogo kuliko mama yake. Kidogo tu. Ukizilinganisha utaona."

"Kama kitambaa cha pamba kikifuliwa mara ya kwanza."

Mwalimu aliigeuza sarafu mkononi. "Kabisa," akasema. "Kabisa kama kitambaa."

Jumamosi zikafuatana. Sarafu za kweli waliziingiza kwenye uzi mnene wa katani, na Nyakio aliufungia kwenye droo ya cherehani. Mwalimu alikuja na kibuyu cha maziwa lala kutoka nyumbani kwake, na Nyakio alikuwa na chai kwenye thamosi. Wakati mwingine walibishana juu ya sarafu moja hadi chai ikapoa, na mara nyingi Mwalimu ndiye aliyekuwa sahihi, ingawa si kila mara.

Walizungumza na mengine. Mwalimu alimweleza juu ya marehemu mkewe, Jepkosgei, na wanawe waliokuwa wakifanya kazi mbali, na nyumba iliyokuwa kimya mpaka akajikuta akiijibu redio. Nyakio alimweleza jinsi Ndungu alivyokuwa akiimba akipiga pasi, na jinsi hadi leo yeye hupiga pasi upesi upesi aimalize. Hakuwa amemwambia mtu mwingine jambo hilo.

Jirani wa dukani alikuwa Kavetsa, mwanamke mkubwa mwenye sauti kubwa aliyefuma sweta za shule kwa mashine, ukuta kwa ukuta na duka la Nyakio. Aliona yote. Aliona kwamba Nyakio sasa humaliza kazi za wateja Ijumaa ili Jumamosi iwe nyepesi. Aliona hata kitambaa kipya cha kichwa. Hakusema kitu, jambo ambalo kwake lilikuwa kazi ngumu.

Kisha akaja mtu wa chama tawala.

Alikuwa mwanamume mzima mwenye shati jekundu na koti la khaki juu yake, akipita duka hadi duka akiangalia nani hana kadi ya chama na nani hajatundika picha ya Rais. Kadi ya Nyakio ilikuwepo na picha ilikuwa ukutani. Lakini mezani kulikuwa na karatasi. Mwalimu alikuwa na desturi ya kuweka karatasi juu ya sarafu na kuisugua kwa penseli mpaka maandishi yatokee, ili akayasome nyumbani.

"Hii ni maandishi ya nchi gani?" mtu wa chama akauliza.

Mwaka huo walimu walikuwa wakichukuliwa kutoka madarasani na magari yasiyojulikana, kwa sababu ya karatasi za kupinga serikali, na wengine hawakuonekana tena kwa muda mrefu. Karatasi za Kichina mbele ya mwalimu wa historia hazikuwa kitu cha mchezo. Mkono wake ulibaki juu ya meza kama umegandishwa hapo.

"Hiyo ni mitindo ya vifungo, baba," Nyakio akasema bila kuinuka. "Mwalimu ananichorea. Vifungo za Hong Kong, za makoti. Yako mwenyewe imekatika hapo kwa tumbo. Lete nikuwekee."

Mtu wa chama alijitazama tumboni. Kweli kifungo hakikuwepo. Alisita, akavua koti. Nyakio alichagua kifungo kimoja cha Hong Kong kilichong'aa, akakishona kwa mishono imara, akakata uzi kwa meno. Mtu wa chama alitoka akiwa amevaa maandishi ya Kichina tumboni, na kuridhika kwake kulionekana.

Kavetsa, aliyekuwa amesimama mlangoni kwake na uzi wa sweta mkononi, alirudi ndani akacheka mpaka akaketi chini.

Mwalimu hakucheka. Alikunja zile karatasi, akazitia ndani ya soksi, akashukuru, akaondoka kabla ya chai. Jumamosi iliyofuata hakuja. Na ile nyingine pia hakuja.

Nyakio hakumtuma mtu kumwulizia. Alijiambia kwamba mtu mzima ana mambo yake. Lakini meza ilikuwa bado mlangoni na chupa bado ilikuwa juu yake, kwa hivyo akaketi peke yake kumalizia zilizobaki. Zilikuwa chache. Zilikuwa chache tangu wiki nyingi zilizopita, na hilo lilianza kumshangaza. Kila Jumamosi alidhani ndiyo ya mwisho, na kila Jumamosi chini ya chupa kulikuwa na nyingine.

Aliokota moja. Sumaku haikuivuta. Ukingo ulikuwa na mikwaruzo, lakini iliyokwenda huku na huku, si kama ya tupa iliyopita mara moja. Chini ya herufi ya kushoto kulikuwa na kipele kidogo cha shaba. Akaiweka kando. Akaokota ya pili, na chini ya herufi ya kushoto akaona kipele. Akaokota ya tatu.

Akazipanga mstari mmoja juu ya kitambaa cheusi. Kipele kilikuwa kile kile, mahali pale pale, kama nguo zilizokatwa kwa karatasi moja ya kukatia yenye kosa. Akatoa uzi wa zile za kweli, akatafuta yenye herufi kama hizo, akaziweka pamoja. Zile tatu zilikuwa ndogo. Kidogo tu.

Kisha akazinusa. Hakujua kwa nini alifanya hivyo. Zilinuka rangi ya viatu. Na yeye kila kitu cha chupa ile alikiosha kwa Omo kwa mikono yake mwenyewe.

Kavetsa alimkuta akiwa bado amezishika. Nyakio akamweleza.

"Basi amekuibia," Kavetsa akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini. "Mama Njambi, mimi nimenyamaza miezi yote hii. Lakini fikiria. Anachukua ya kweli, anatia ya bandia. Ndiyo maana amepotea. Amemaliza kazi."

"Si mtu wa hivyo."

"Unajuaje?"

Kavetsa alipoondoka, Nyakio alifungua uzi wa katani, akazimwaga zile sarafu za kweli zote mezani, akaanza upya kama hajawahi kuziona. Aliangalia ukingo. Alikwaruza kutu. Alipitisha sumaku. Aliweka moja juu ya nyingine kutafuta iliyosinyaa. Kazi hiyo aliifanya vizuri, na alipokuwa akiifanya alitambua ni nani aliyeuweka ujuzi huo mikononi mwake, akataka kulia kwa hasira. Je, mwizi angemfundisha mtu namna ya kumkamata?

Zote zilikuwa za kweli. Hakuna hata moja iliyobadilishwa, na zile alizozipenda zaidi, ambazo angezijua hata akiwa amefumba macho, zote zilikuwepo. Hakuna kilichochukuliwa. Kitu kilikuwa kimeongezwa tu.

Alikaa pale akishindwa kuelewa mtu huyo alikuwa akimwibia nini.

Jumapili baada ya kanisa alienda Kesses. Mvua ilikuwa imenyesha na barabara ya kutoka kituoni ilikuwa tope tupu, ikipita mbele ya nyumba mpya za kupangisha wanafunzi wa chuo kikuu. Aliuliza nyumba ya Mwalimu Kimeli akaonyeshwa. Alimkuta amevaa gambuti, viatu vya mpira vya mvua, akirekebisha ua wa ng'ombe. Mwalimu alipomwona alivua kofia, akabaki ameishika pamoja na nyundo kwa mkono mmoja.

"Karibu, Mama Njambi," akasema. "Karibu ndani."

Aliandaa chai mwenyewe. Nyumba ilikuwa safi kama ya mtu anayeogopa kwamba atakuja mgeni na pia anayeogopa kwamba hatakuja. Nyakio alingoja mpaka Mwalimu akaketi, kisha akaweka zile sarafu tatu mezani, vipele vikiangalia juu.

"Hizi ni za nani?"

Mwalimu aliokota moja, akairudisha mezani. "Ni zangu," akasema.

"Basi nieleze. Jirani yangu anasema umeniibia. Nimemwambia hapana. Na nilipokuwa namwambia hapana, sikuwa na uhakika. Hiyo ndiyo imenileta hapa."

Mwalimu akaweka kikombe chini. Alisema kwamba alipokuwa kijana, mwalimu mpya, aliagiza sarafu kwa posta kutoka kwa muuzaji mmoja wa ng'ambo, seti nzima ya kale, na zilipofika alimwita kila mtu aje kuziona. Kisha padri mmoja aliyewahi kuishi China akapita shuleni, akaziangalia, akamwambia kwa upole kwamba zote zimetoka kalibu moja. Mwalimu alizitia ndani ya kopo la rangi ya viatu na hakumwonyesha mtu tena.

"Na zimefikaje kwa chupa yangu?"

"Chupa ilikuwa inaisha." Alisema akiangalia dirishani. "Kila Jumamosi nilikuwa naona inashuka. Nikafikiri, ikifika chini kabisa, nitasema nimekuja kufanya nini? Nikatia moja. Wiki hiyo nyingine nikatia tena. Nilijua siku moja utazitambua, kwa sababu umekuwa mzuri kwa hii kazi. Lakini nilitaka Jumamosi moja zaidi."

Nje ng'ombe alilia. Nyakio alijikaza.

"Ungeleta suruali nikushonee."

"Niko na mbili tu, Mama Njambi."

Nyakio alikaribia kucheka, lakini hakuwa tayari kumpa kicheko. "Na mbona basi umepotea? Kama Jumamosi zilikuwa tamu hivyo."

"Yule mtu wa chama. Wakinishika mimi, nimeshikwa mimi. Lakini wangeandika jina la duka yako pia. Nilichoma zile karatasi zote. Nikaona nikae mbali mpaka watu wasahau."

Nyakio hakuwa amelifikiria hilo. Alikuwa ameketi siku zote hizo mbele ya chupa akidhani ameachwa, kumbe mtu alikuwa akimlinda bila kumwambia. Aligundua kwamba hilo lilimuudhi kuliko zile sarafu.

"Nisikilize, Mwalimu," akasema. "Mimi nimezika bwana. Nimesomesha mtoto na hii mikono. Usinifichie kitu eti unanisaidia, na usinitilie kitu kwa chupa kunidanganya, hata kama ni kwa wema. Nimechoka kukisia. Ukitaka kukaa, sema unataka kukaa."

Mwalimu akanyanyua macho. Sikio lake moja lilikuwa na tope, naye hakujua.

"Nataka kukaa," akasema.

"Sawa," Nyakio akasema, akanywa chai yake. Ilikuwa na sukari nyingi mno. Akaimaliza.

Mambo hayakwenda haraka baada ya hapo. Shemeji yake Nyakio, Ephantus, kaka wa marehemu Ndungu, alisafiri kutoka Nyandarua kuja kuuliza kama ni kweli, na kama hakukuwa na mwanamume hata mmoja kwao mpaka atafutwe Mnandi kama Mwalimu. Dada mkubwa wa Mwalimu naye aliuliza huko kwao kama mke atakuwa akipika akiongea Kikuyu. Ilibidi watu wakae, waongee, waondoke wakinuna, warudi tena. Njambi alipokuja likizo alimwangalia Mwalimu siku nzima bila kusema neno, na jioni akamwomba amsaidie na mtihani wake wa historia. Mama yake alijua kwamba hilo ndilo jibu.

Walifunga ndoa mwaka uliofuata, bila sherehe kubwa. Kavetsa alifuma sweta mbili zinazofanana, za rangi ya shule fulani kwa sababu ndio uzi uliokuwa umebaki, na wote wawili walizivaa. Zile sarafu za kweli Mwalimu alizipeleka darasani muhula mmoja kwa ruhusa ya Nyakio, akawaacha wanafunzi wazishike kwa zamu. Alikuwa ameshawaambia mkuu wa shule na mkaguzi, kwa barua na kwa mdomo, kwamba ni sarafu tu.

Nyakio hakukubali kuacha duka, na Mwalimu hakuweza kuacha ng'ombe, kwa hivyo waliishi kwa kupishana, siku za wiki kila mtu kwake na mwisho wa wiki pamoja, na watu wakasema hiyo si ndoa. Hawakuwajibu. Ijumaa moja ya mvua ya mawe Mwalimu alifika dukani akiwa amelowa hadi ndani ya viatu. Nyakio alikuwa katikati ya kukata gauni la mteja, na mkasi hauwezi kusimama katikati ya kitambaa, kwa hivyo hakugeuka.

"Chai iko kwa thamosi," alimwambia. "Vua hizo soksi kwanza."

Mwalimu akaketi, akavua soksi.